Kipa wa Mlango wa Zizi

Jumanne, 2 Juni 1981

Ado ametoroka sasa hivi. Baba yake alikuwa amesimama mlangoni, miguu ameitanua, mikono ameishusha, anasema huyu leo hatoki. Ado ana mwaka na nusu, kutembea amejua juzi. Akapita katikati ya miguu ya baba yake, akaenda zake uani anacheka. Baba yake akainama kumdaka. Mtoto ameshafika bombani!

Nilicheka. Halafu nikaacha kucheka. Jana, sikukuu ya Madaraka, mpira ulifanya vile vile. Tena mara nyingi. Tena mbele ya watu.

Mume wangu Dima ni golikipa wa timu ya mtaa wetu, Bulla Pesa. (Kwa mdomo namwita Baba Ado, heshima ni heshima. Humu daftarini ni Dima.) Mikono anayo, kila siku anapakia lori zinazokwenda Merti. Lakini miguu! Mpira ukienda kushoto, miguu yake inaita kikao kwanza. Ikishakubaliana, mpira uko wavuni, na hapo ndipo anaruka. Anaanguka kama gunia la sukari. Watu wanashangilia vumbi.

Sasa habari yenyewe. Bwana Ntongai, msimamizi wa kambi ya barabara, anatafuta golikipa wa timu ya kambi. Atakayechaguliwa anaandikwa kazi, na akiandikwa kazi anapewa nyumba. Vyumba viwili! Sakafu ya simiti! Sisi tuna chumba kimoja cha kupanga, na usiku tunalala na vitoto vya mbuzi wa mama mkwe wangu, kwa sababu ya fisi. Juzi alfajiri nimeamka, nakuta kimoja kimesimama juu ya kifua cha Ado kinatafuna nywele zake. Ado anacheka. Mimi nikalia. Nataka mtoto wangu alale mahali hakuna kwato, basi. Sijaomba ghorofa.

Mechi ya kuwajaribu ni Jumapili tarehe 14. Goli moja Dima, goli lingine Zachary, jirani yetu. Tunatenganishwa na ukuta tu. Mkewe Kinanu ameshanieleza bombani kwamba mumewe, Baba Kagwiria, ameanza kuruka kamba, na anakula mayai. Akauliza, kwa sauti ile yake tamu, Baba Ado yeye anakula nini. Nikasema maini ya ngamia. Kweli yenyewe, amekula kiporo.

Nimeamua. Nitamfundisha mimi mwenyewe. Nilicheza netiboli mpaka darasa la sita, walikuwa wananiita Umeme.

Jumatano, 3 Juni

Pumzi kwanza. Kipa bila pumzi ni nguo tu kwenye kamba.

Lobokat anauza maji kwa mkokoteni wa punda, anazunguka Bulla Pesa yote. Nikamwambia Dima akimbie nyuma ya huyo punda asubuhi yote. Dima akauliza punda mwenyewe amekubali. Nikamwambia akimbie tu.

Saa nne nasikia magurudumu. Natoka mbio na kitambaa cha kumfuta jasho. Punda anahema, mate yanamtoka. Lobokat anahema, kofia imepotea. Dima ameketi juu ya pipa, mkavu kabisa, ana kikombe cha chai mkononi!

Anasema alikimbia vizuri mpaka dukani kwa Abdillahi. Hapo Lobokat akamwonea huruma, akamwambia ndugu yangu, panda. Akapanda. Punda akaona uzito mgeni, akashtuka, akatimua mbio mji mzima, na Lobokat nyuma yake anamwita kwa majina yote ya Kiturkana.

Kwa hiyo leo nimefundisha punda na mwuza maji. Pumzi zao sasa ni safi sana. Kinanu aliona yote kutoka mlangoni kwake. Aliniuliza kama punda ndiye atasimama golini.

Ijumaa, 5 Juni

Miguu. Mwalimu wa netiboli alitufundisha: hatua fupi, kwa upande, usipishanishe miguu, magoti yalegee, kisigino kisikae chini. Hayo sijasahau, ingawa hesabu nimesahau.

Nikapanga mikebe ya mafuta ya kupikia uani. Dima apite kwa ubavu kati ya mkebe na mkebe, kushoto, kulia, kushoto, macho mbele kwangu, mimi namrushia soksi iliyojazwa matambara. Alianza vizuri! Nikaona kabisa ile sakafu ya simiti, nikaona naipiga deki.

Mpenzi wangu Ado naye akataka kusaidia. Akachukua mkebe, akaubeba kwa mikono miwili, ulimi nje, akauweka taratibu nyuma ya kisigino cha baba yake. Mtoto mwenye roho nzuri sana.

Dima akajikwaa, akaenda na kamba ya nguo ya Kinanu. Yote. Alipoinuka kichwani ana bukta nyeupe ya Zachary na shingoni ana kamisi. Kinanu akatoka, akashika kiuno, akasema mbele ya wapangaji wa plot nzima kwamba amewahi kuona golikipa anadaka mpira, lakini anayedaka kamisi hajaona, na hata Meru hawana.

Dima ameenda msikitini. Mwadhini mwenyewe hajafika.

Jumapili, 7 Juni

Nimepata! Nimepata! Nisamehe mwandiko.

Jioni kama kawaida nilikwenda zizini kumsaidia Ayo kukamua. Ayo ni mama yake Dima, mbuzi ni wake, na mwenye neno la mwisho ni yeye. Kazi yangu ni kukaa mlangoni mwa kizizi cha vitoto. Vitoto vimeshinda njaa mchana kutwa, vimewasikia mama zao, vinataka kutoka vyote mara moja. Mimi nazuia. Kinakuja kushoto, niko kushoto. Kinakuja kulia, niko kulia. Kinajaribu kupita chini, goti. Kinaruka, kifua. Ayo akiwa tayari anaita jina la mama: Magala! Basi natanua mguu kidogo, natoa mtoto wa Magala peke yake, wengine nawafungia. Akimaliza anaita Dalecha, natoa wa Dalecha. Akitoka asiyeitwa, Ayo anapiga kelele "Rudisha!", namkamata mguu wa nyuma namvuta ndani.

Leo nikaitazama miguu yangu. Hatua fupi. Kwa upande. Haipishani. Kisigino juu.

Subhanallah! Nimekuwa golikipa tangu utotoni na hakuna mtu aliyeniambia!

Jumatatu, 8 Juni

Dima amekataa. Amesema hiyo ni kazi ya wanawake na watoto, na mwanamume wa Kiborana akionekana mlangoni mwa vitoto vya mbuzi, hata wale anaopakia nao lori watamletea zawadi ya kibuyu cha kukamulia, kama mwanamke.

Nikamwambia sawa. Nikaenda uani, nikarudi nachechemea. Mwiba. Mkubwa. Umevunjikia ndani. Nilipiga yowe kidogo, Ado akaja akanipulizia mguu, masikini, nikaona aibu. Lakini sikuacha kuchechemea.

Ayo akasema basi Dima atakaa mlangoni, maziwa hayangoji mwiba. Kwa mama yake hana la kusema. Alikwenda amejifunika shuka mpaka puani. Vitoto vyote vilimpita. Kimoja kilirudi ndani kikampita tena.

Jumatano, 10 Juni

Siamini macho yangu. Miguu imeamka!

Jana vilipita vichache. Leo hakipiti kitu. Shuka ameitupa, anacheza kushoto kulia kama anayekanyaga makaa, magoti yamelegea, mikono chini. Ayo akiita jina, mguu unafunguka wenyewe, kinatoka kimoja, mguu unafunga. Hafikiri hata. Alisema hata mwenyewe hajui kama ni yeye anayefanya.

Nimeongeza dawa. Leo nilimchelewesha Ayo makusudi, nikamwuliza habari za harusi yake. Harusi ya Ayo ni ndefu. Njaa ikazidi, vitoto vikaja kama fowadi wa Nairobi. Cha Magala kilimpiga Dima cha tumbo, akakidaka, hakukiachia! Maziwa yakapungua kwa sababu mbuzi wenyewe walichoka kungoja. Ayo anasema kuna jicho baya hapa jirani.

Ado naye anafanya mlangoni. Hatua fupi, kwa upande, kidole mdomoni. Nikamwita Magala, akatanua miguu! Nilimbusu mpaka akakasirika.

Ijumaa, 12 Juni

Kinanu alikuja kuomba maziwa ya chai. Akakaa. Akasifu rangi ya leso yangu. Akauliza, hivi, bila haraka, ni nini Baba Ado anafanya huko zizini kila jioni, maana anasikia tu majina yakiitwa.

Sijisifu kwa kawaida. Lakini mtu amenidharau bombani, amenidharau mbele ya kamisi. Nikamweleza kila kitu. Nikamwonyesha kwa Ado: nikamwita Dalecha, Ado akafungua miguu. Kinanu akapiga makofi, akaniambia nina akili kama ya mwalimu. Akanywa chai yake kwa furaha sana. Nimemkosea huyu mama, ni mtu mzuri.

Yeye anasema kamba ya Baba Kagwiria inaenda vizuri, anaruka mpaka kichwa kinagusa mabati.

Jumapili, 14 Juni

Usiniulize. Ngoja nimlaze Ado kwanza.

Basi. Uwanja umejaa. Ntongai ameketi kwenye kiti, mwavuli juu, kalamu sikioni. Dima anaingia golini, mimi nyuma ya goli na Ado mgongoni. Kipindi cha kwanza, wallahi, nilikuwa nalia kwa raha. Kushoto, yuko. Kulia, yuko. Fowadi wao anaitwa Kiugu, kijana mkubwa kama ghala, alipiga shuti tatu za karibu, zote Dima amezikumbatia. Ntongai akashusha kalamu sikioni akaandika. Nikajua ameandika simiti.

Zachary upande wake anafungwa tu. Kamba ilimfundisha kuruka juu. Kila mpira unaopita chini, yeye yuko juu.

Halafu Ayo akaja. Alikuwa anapeleka mbuzi malishoni, akaona apitie hapo amtazame mwanawe. Magala akaona mirundo ya mabua pembeni mwa uwanja, akaondoka. Na Ayo, anayeweza kusikika mpaka Kinna, akaita: "Magalaaa!"

Kiugu alikuwa amepiga mpira mdogo, wa chini, mpira wa mgonjwa. Dima alikuwa mbele yake kabisa. Akatanua mguu. Mpira ukapita katikati, taratibu, ukaingia. Dima akafunga mguu.

Mimi nikatazama upande wa pili, na upande wa pili Kinanu alikuwa anatutazama sisi. Akainuka. Akamfunga Kagwiria mgongoni. Akauzunguka uwanja wote bila haraka, kama anayekwenda sokoni, akaja akasimama karibu yangu nyuma ya goli. Akanisalimia vizuri.

Mpira ukaja. "Dalecha!"

Goli.

Nikamwambia Kinanu mdomo wake uoze. Akasema anaita mbuzi tu, kwani mbuzi wana kiwanja chao? "Magala!" Goli. Ayo kule anageuka kila mara kutafuta ni nani anaita mifugo yake. Watu wanamwuliza Dima amekunywa nini. Dima anaitazama miguu yake kama ya mtu mwingine.

Hapo nikafikiri haraka. Umeme ni Umeme. Kiugu akaja tena na mpira, Kinanu akafungua mdomo, mimi nikamtangulia kwa nguvu zangu zote: "Rudisha!"

Dima akauacha mpira. Akamrukia Kiugu, akamshika mguu wa nyuma, akamvuta mpaka ndani ya goli, akasimama mlangoni kumzuia asitoke. Kiugu analia kwamba anauawa. Refa hakujua hata aandike nini. Penalti.

Penalti: Dalecha. Mpira ulipopita Dima aliupapasa mgongoni.

Na mwisho kabisa, Zachary, amechoka kuruka, akaliacha goli lake wazi akaja na mpira mwenyewe mpaka mbele. Uwanja wote umesimama, wanaume kwa watoto wanapiga kelele "Zachary! Zachary! Zachary!" Kinanu peke yake ndiye anasema Baba Kagwiria, piga, piga Baba Kagwiria. Halafu akasema "Magala". Na mumewe akapiga, ukaingia.

Nimerudi nyumbani na Ado amelala mgongoni. Kitoto cha Magala kilikuwa kimelala kwenye godoro lake.

Jumatatu, 15 Juni

Dima hasemi na mimi. Anasema na Ado, mimi nasikiliza. Amemwambia Ado kwamba alikuwa kipa mbaya lakini wa kawaida, na sasa ni kipa mzuri ambaye akisikia jina la mbuzi ana wazimu. Ado akamwambia "mee". Akacheka kidogo, nikaona. Nikampelekea chai. Akainywa bila kunitazama. Lakini aliinywa yote.

Jioni akaenda zizini mwenyewe, bila mwiba wangu. Nilimwona kwa mbali anacheza kushoto kulia, jua linazama nyuma yake. Jamani, ile miguu! Nilimpenda kama siku ya kwanza.

Jumatano, 17 Juni

Mungu hajatusahau! Bwana Ntongai alipita leo kwa baiskeli.

Kwanza habari mbaya. Kinanu anafunga mizigo. Zachary amechukuliwa kambini, ila sio kama kipa. Ntongai amesema huyo golini ni hasara, lakini mbele anajua kufunga, atakuwa fowadi wa timu. Nyumba wamepewa. Kinanu anaimba tangu asubuhi, wimbo mmoja tu, na kila akifika kwenye kiitikio anagonga ukuta wetu.

Sasa habari nzuri. Kipa bado hawana! Ntongai amesema tangu azaliwe hajaona miguu kama ya Dima. Amesema akijua tu ni kitu gani kinamfungua, angemwandika hata leo. Kwa hiyo anampa nafasi moja ya mwisho, Jumapili tarehe 28, kabla Ramadhani haijaingia. Dima atasimama golini, timu ya kambi itampigia. Akiizuia mipira yao, nyumba ni yetu, ukuta kwa ukuta na Kinanu tena, lakini ukuta wa mawe.

Nimekaa nikafikiri mchana kutwa. Miguu haina kosa. Zizi halina kosa. Kosa ni majina! Kinanu anayajua. Basi tubadilishe majina ya mbuzi wote, leo leo, na Dima ayazoee mapya mpaka ayasahau ya zamani. Dima amekubali. Alisema fanya unavyotaka, kwa sauti ya mtu anayekwenda kulala.

Ayo alikataa kabisa. Nikamwambia lile jicho linalokausha maziwa ni la jirani, na linafanya kazi kwa sababu linajua majina. Si alimsikia mwenyewe uwanjani? Ayo akatema mate, akasema toa majina, mwanangu, toa hata ya Kizungu.

Majina lazima yawe yale ambayo hayatatoka mdomoni mwa Kinanu hata kwa bahati mbaya. Dalecha sasa anaitwa Refa. Jina la heshima, na mbuzi anayeitwa hivyo hajapata kuonekana. Lakini Magala ndiye muhimu, ndiye aliyetumaliza. Nikajiuliza: ni jina gani moja duniani ambalo Kinanu hawezi kulitamka mbele za watu? Mwenyewe nikacheka peke yangu. Tangu aolewe hajawahi kumwita mumewe kwa jina, ni Baba Kagwiria tu, adabu imemfunga mdomo. Basi Magala sasa ni Zachary!

Jioni hii wameanza. Nawasikia kutoka hapa. Ayo anaita "Zachary!" na mguu wa Dima tayari umeanza kufunguka, vizuri kabisa, anajifunza upesi huyu mwanamume wangu. Kwa siku zilizobaki atakuwa amelishika mpaka usingizini. Nimeshaanza kumfundisha Ado pia, nasema Zachary, anatanua vimiguu vyake, anapiga makofi.

Tarehe 28 nitasimama nyuma ya goli nimetulia, mikono nimekunja. Fowadi mpya waje na fujo zao zote. Kinanu apayuke mpaka sauti ikauke. Na tukishahamia, kitu cha kwanza nitamvua Ado viatu, nimwache atembee kwenye simiti kutoka chumba mpaka chumba, na mimi nitakaa tu mlangoni nimzuie, hatua fupi fupi, kwa upa

Ayo ananiita, anasema mtoto wa Zachary amepita katikati ya miguu ya Baba Ado, nije mbio na